Bonde la Italia Ambapo Unapiga Baiskeli Siku Nzima Bila Ndai Kukupigia Honi, na Vile Walilipata

Kama umewahi kupiga baiskeli kwa Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, wewe unajua kuomba. Mathree iko nyuma inakusukuma na honi, nduthi inakuja mbele ikiwa kwa laini yako, na kando ni mtaro uko wazi. Ukifika keja unashukuru Mungu kama mtu ametoka kufanyiwa upasuaji.

Sasa fikiria hii. Unaanza asubuhi juu ya mlima, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na unashuka kilomita 80 hadi mji wa chini. Upande mmoja ni mto. Upande mwingine ni mashamba ya matofaa, halafu zabibu, halafu zabibu tena hadi macho ichoke. Lami ni safi. Magari yapo, unayaona kwa umbali yakiwa kwa barabara yao, lakini kwako hayana ruhusa ya kuingia. Mwenye anakupita ni nyanya wa miaka sabini akiwa na baiskeli ya stima, na anakupigia kengele ukae kando.

Hizi si story za jaba. Mahali panaitwa South Tyrol, kaskazini kabisa mwa Italia, pale milima ya Alps inapakana na Austria na Uswizi. Mto wenyewe Waitaliano wanauita Adige na wale wa Kijerumani wanauita Etsch. Ni mto wa pili kwa urefu Italia, kama kilomita 410 kutoka milimani hadi bahari ya Adriatic. Njia ya baiskeli inaufuata karibu kutoka chemichemi yake pale Reschen, inapita Merano, Bolzano na Trento, na ukiwa na nguvu na siku za kutosha unaweza teremka nayo hadi Verona.

Najua vile wengi wenu mnafikiria mkisikia baiskeli na Alps kwa sentensi moja. Mnafikiria Chris Froome, yule msee alizaliwa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah, akaenda kushinda Tour de France mara nne. Mnaona jamaa amekonda, amevaa nguo ya kubana, anapanda mlima akikaribia kuzirai. Hiyo ipo, na kama ni mateso unatafuta, huko kuna milima ya kukutesa hadi utosheke. Lakini hili bonde ni kitu ingine kabisa. Hapa anapita mtoto wa miaka minane, anapita mama na mzigo wa shopping, anapita mzee anaenda kwa shamba lake. Kama uliendesha Black Mamba ukienda posho mill ukiwa shags, hii njia unaiweza.

Mchezo wote uko kwa treni

Siri ya kwanza ni kwamba hakuna mtu anakulazimisha kupanda. Kuna reli inapita kwa sehemu ya juu ya bonde, wanaiita Vinschgau, kutoka Merano hadi mji mdogo unaitwa Mals. Ilifunguliwa 1906, ikafungwa 1990 kwa sababu serikali ya Italia iliona haileti faida. Watu wa huko hawakukubali ife. Mkoa wao ukaichukua, ukaitengeneza, na 2005 treni zikarudi.

Sasa wasee wanafanya hivi: baiskeli inaingia kwa treni pale Merano, mita 325 hivi juu ya bahari, inapandishwa hadi Mals iliyo mita 1,050 hivi, halafu mnashuka nayo kilomita 60 mkikanyaga mos mos. Wale wanataka kuanzia juu kabisa pale Reschen wanashika basi kutoka Mals. Ukikodisha baiskeli, kuna maduka yako hapo karibu na stesheni, na mengi yanakuruhusu kuchukua kwa mji mmoja na kuiacha kwa mwingine. Hakuna kurudisha. Ukichoka katikati, unaingia stesheni ya karibu na unarudi na treni. Hakuna mtu atakucheka.

Kwa maoni yangu hiyo treni ndiyo inafanya bonde lote lifanye kazi. Mlima ndio hutenganisha wenye mazoezi na sisi wengine. Ukiutoa huo mlima, mtu yeyote anaingia.

Kijiji kilichozamishwa

Kama wewe ni mtu wa Netflix, huenda umeona series ya Curon, ile ya 2020 yenye mnara wa kanisa umetoka katikati ya ziwa. Ule mnara si kompyuta ilichora. Upo, na njia ya baiskeli inapita kando yake.

Ziwa la Reschen lilitengenezwa na binadamu ili kupata umeme. Mwaka wa 1950 maji yalipandishwa na kijiji cha Graun, ambacho kwa Kiitaliano ni Curon, kikaenda chini pamoja na sehemu ya kijiji cha Reschen. Nyumba 163 ziliisha na hekta 523 za mashamba na malisho zikafunikwa. Watu wa pale walikuwa wanaongea Kijerumani, na tangazo la mradi lilibandikwa kwa Kiitaliano. Walipiga kelele, walienda hadi kwa Papa Pius XII kuomba awasaidie, na bado maji yakaja. Kanisa lilibomolewa, mnara wa karne ya 14 ukaachwa kwa sababu ulihesabiwa kama urithi. Familia nyingi zilihama na pesa kidogo mkononi.

Leo kila mtu anasimama hapo kupiga selfie. Piga tu, lakini sasa unajua unapiga picha juu ya nini.

Ukitoka ziwani, njia inaanza kudondoka kwelikweli. Hapa kati ya Reschen na Mals ndipo mteremko ni mkali zaidi, na ndipo breki zako zitajulikana kama ni za ukweli. Angalia breki kabla uanze, usiangalie ukiwa katikati. Upande wa kulia utaona jumba jeupe limekaa juu ya mlima kama limebandikwa. Hiyo ni abasia ya Marienberg, watawa Wabenediktini wamekaa hapo tangu Enzi za Kati.

Chini kidogo unaingia Glurns. Mji wote umezungushiwa ukuta wa mawe, una watu kama 900, na bado unaitwa mji kabisa, si kijiji. Unaingia kwa lango moja na baiskeli yako na unatokea kwa lango lingine kabla soda ipoe. Halafu kuna Laas, mahali wanachimba marumaru nyeupe. Misalaba mingi kwa makaburi ya wanajeshi wa Marekani waliokufa Vita vya Pili ilichongwa kutoka mawe ya hapo.

Kwa nini kila mji una majina mawili

Hii ni muhimu, si ati ni historia ya kujaza ukurasa. Usipoijua utapotea. Mals ni Malles. Glurns ni Glorenza. Bozen ni Bolzano. Ukiona kibao kina majina mawili, usidhani ni miji miwili.

Hili eneo lilikuwa la Austria hadi Vita vya Kwanza viliisha, na Italia ikalichukua rasmi 1920. Halafu Mussolini akaingia. Majina ya miji yakabadilishwa kuwa ya Kiitaliano, shule za Kijerumani zikafungwa, na walimu wakaanza kufundisha watoto lugha yao kwa siri ndani ya nyumba za watu. Kama shuleni kwenu ulivalishwa ile diski shingoni juu uliongea lugha ya mama, unaelewa hiyo hasira bila mimi kuongeza neno. Vita vya Pili viliisha lakini hasira haikuisha. Juni 1961 watu walilipua nguzo nyingi za umeme kwa usiku mmoja. Mwishowe, mwaka wa 1972, mkoa ulipata sheria mpya ya kujitawala, na leo Kijerumani, Kiitaliano na Kiladin vyote vinatambulika.

Hiyo ina uhusiano gani na baiskeli? Mkubwa sana. Kujitawala kulikuja na pesa. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za ushuru unaokusanywa pale unabaki pale. Fikiria kaunti yako ikibaki na hiyo asilimia. Ndiyo maana mkoa uliweza kuchukua reli iliyokufa na kuifufua, na ndiyo maana lami ya baiskeli haina mashimo.

Hawakujenga nyingi, walichukua zilizolala

Lakini pesa peke yake haielezi kitu. Kuna miji mingi tajiri ambapo bado utagongwa. Ujanja wa hawa watu ni kwamba sehemu kubwa ya njia yao haikuanza kama njia ya baiskeli. Ilikuwepo tayari, ikifanya kazi nyingine ama ikiwa haifanyi kazi yoyote.

Anza na matuta ya mto. Zamani chini ya bonde hapakaliki. Adige ulikuwa unafurika, unatapakaa, unaacha vinamasi na malaria. Ndiyo maana vijiji vya zamani kama Tramin na Kaltern viko kwa miinuko, hakuna mtu mwenye akili angejenga chini. Karne ya 19 mto ukanyooshwa na kuwekewa matuta pande zote. Tuta la mto linahitaji barabara ndogo juu yake ama kando, ili watu wa kazi wapite kukagua. Hiyo barabara ndogo ndiyo sasa unaikanyaga kutoka Merano hadi Bolzano, kilomita 30 hivi, tambarare kama meza, na kutoka Bolzano kuendelea kusini ni hivyo hivyo.

Kisha kuna reli za zamani. Kati ya Bolzano na Kaltern kulikuwa na reli iliyofunguliwa 1898. Ilipokufa, njia yake ikapewa baiskeli. Na reli ina kitu kimoja kizuri sana kwa miguu yako: treni haiwezi panda mlima kama nduthi. Lazima mteremko uwe mpole, lazima kona ziwe pana, na mlima ukikataa wanautoboa handaki. Kwa hivyo ukipanda kutoka Bolzano kwenda Kaltern, unapanda mita kama 200 bila kujua unapanda. Kitu kama hicho kilifanyika pia kwa bonde la jirani linaloenda Brenner: sehemu za reli ya 1867 zilihamishiwa ndani ya mahandaki mapya, na pale treni ilikuwa inapita kando ya mto sasa unapita wewe.

Mwisho ni barabara za mashamba. Huko juu Vinschgau, njia nyingi unazopita ni za wakulima. Kibao kinasema magari hayaruhusiwi isipokuwa ya mwenye shamba. Kwa hivyo utapatana na trekta, hasa Septemba na Oktoba wakati wa mavuno, na ukipatana nayo wewe ndiye unapisha. Yeye yuko kazini, wewe uko likizo.

Sisi pia tuko na vitu vimelala. Tawi la reli la Gilgil hadi Nyahururu lilikaa miaka mingi bila treni, nyasi ikapanda. Na Thika Road iko na njia ya baiskeli, lakini wewe mwenyewe unajua nani amepaki hapo na nani anauza mitumba. Nawacha hiyo hapo.

Matofaa, barafu na dawa

Kutoka Glurns hadi karibu Bolzano utaona matofaa hadi uchoke. Karibu nusu ya matofaa yote ya Italia yanatoka kwa huu mkoa. Miti imepangwa kwa mistari, mifupi, unaweza chuma bila ngazi. Usichume. Ni mali ya mtu.

Ukienda Aprili, wakati wa maua, kuna kitu utaona asubuhi ufikirie umekunywa. Maua yamefunikwa na barafu, shamba zima linang'aa kama glasi. Ni wakulima wenyewe wamefanya hivyo. Usiku ukiwa baridi sana, wanamwagilia maua maji. Maji yakiwa yanageuka kuwa barafu yanatoa joto kidogo, na hilo joto linashikilia ua kwenye nyuzi sifuri hivi badala ya kushuka hadi lifie. Mradi maji yanaendelea kumwagika, ua liko salama. Ila sasa hayo maji huenda yakafika kwa njia yako pia, kwa hivyo asubuhi ya Aprili usikate kona kama uko na haraka ya kufika.

Na si kila kitu ni maua. Hayo matofaa yanapuliziwa dawa, na kuna siku utapita karibu na trekta linanyunyiza. Watu wa Mals walikasirika na hii maneno hadi mwaka wa 2014 wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga wakasema dawa zipigwe marufuku kwa manispaa yao. Kesi zikafuata na korti ikafuta hizo kanuni baadaye. Kwa hivyo ukiona trekta limevaa wingu, funga mdomo na kanyaga.

Sasa waini

Najua kuna wale walikuja kusoma sababu ya hii. Tulieni, tumefika.

Zabibu zinaanza kuwa nyingi kutoka Merano kuteremka, na ukifika Bolzano zimepanda hadi milimani. Nyingi zimewekwa juu ya fremu za mbao, majani yanakuwa kama paa na mafungu yananing'inia chini. Pale kuna waini nyekundu nzito inaitwa Lagrein, na nyingine nyepesi inaitwa Vernatsch, ambayo zamani ndiyo ilikuwa kila mahali na sasa imepunguzwa sana. Kuna nyeupe pia. Ile Gewürztraminer ambayo pengine umeiona kwa rafu ya supermaketi ukaogopa kuitamka, jina lake limetoka kwa kijiji cha Tramin, na Tramin iko hapo hapo kando ya njia, kusini kidogo ya Kaltern.

Kitu kilinishangaza kuhusu hii biashara ni udogo wake. Mkoa mzima una hekta kama 5,800 za zabibu, asilimia 1 hivi ya waini ya Italia. Na hizo hekta zimegawanywa kwa familia kama 5,000. Piga hesabu: ni kama hekta moja kwa kila familia. Hiyo ni shamba ya majani chai ya guka wako Kiambu ama ya babu Kericho. Wanawezaje? Kwa ushirika. Karibu asilimia 70 ya waini inatoka kwa vyama vya ushirika, mkulima anapeleka zabibu, chama kinatengeneza, kinauza, kinalipa. Tofauti na kahawa yetu ni kwamba hapo mnunuzi anapita mlangoni akiwa na baiskeli. Ushirika uko na duka, unaingia, unaonja, unanunua chupa moja. Chupa ambayo ingesafiri hadi Munich inauzwa hapo hapo na pesa yote inabaki kwa chama. Njia ya baiskeli inaleta wateja hadi kwa mlango wa pishi, na wateja wa baiskeli hulala karibu, hula karibu, hawapiti kwa kasi ya kilomita 110 kwenda Verona.

Vuli kuna desturi yao inaitwa Törggelen. Jina limetoka kwa chombo cha kukamulia zabibu. Watu wanaenda kwa nyumba za wakulima kunywa waini mpya na kula chestnut za kuchoma. Kama hujawahi kula chestnut, fikiria njugu kubwa yenye ladha imekaribia ngwaci. Ni sherehe ya polepole, ya kukaa, si ya kuruka.

Lakini sikiza. Italia sheria ya ulevi inamshika mwendesha baiskeli pia. Kiwango ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, sawa na cha dereva wa gari. Karao wa huko akikupata unayumba kwa baiskeli, kusema "lakini sina ndai" haitakusaidia. Wenyeji wanaonja kidogo mchana na kufungua chupa jioni wakiwa wameshaegesha. Fanya hivyo.

Mambo hawakuambii kwa picha

Bila magari haimaanishi bila kelele. Kwa hilo bonde hilo pia ndipo inapita barabara kuu ya A22, ile inaunganisha Italia na Austria kupitia Brenner. Malori zaidi ya milioni 2 yanavuka Brenner kila mwaka. Kutoka Bolzano kwenda kusini, kuna sehemu utaisikia ikivuma siku nzima. Vinschgau ni kimya zaidi, kwa hivyo kama una siku mbili tu, nenda huko juu.

Pia, kuna vipande vifupi ndani ya vijiji ambapo unashiriki barabara na magari. Ni mita chache, na magari yanaenda pole, lakini ukiambiwa kila inchi haina gari, umedanganywa.

Na msongamano upo. Julai na Agosti njia inajaa: familia zina trela za watoto, wazee na baiskeli za stima, na hawa wa nguo za kubana wakikimbizana kama wameibiwa. Hii ndiyo ajali ya huko, baiskeli kwa baiskeli. Sheria ni rahisi lakini kwetu ni ngumu: huko wanakaa kulia. Miguu yako imezoea kushoto tangu utotoni, na akili ikilala kidogo utajipata upande wa mwingine kwenye kona. Jiambie kila asubuhi. Kofia ngumu hailazimishwi kwa mtu mzima, ila vaa. Kwa handaki na usiku nje ya mji, taa na ile jaketi ya kung'aa ni lazima kisheria.

Halafu upepo. Mchana kuna upepo unaitwa Ora unatoka upande wa ziwa Garda na kupanda bonde hadi karibu na Bolzano. Ukiwa unaelekea kusini saa nane mchana, unakuja usoni kwako na utadhani baiskeli imeshikwa. Waliozoea huanza mapema na kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Na doh?

Kwenda si mchezo, siwezi kuwadanganya. Visa ya Schengen ni euro 90, hairudishwi wakikukataa, na lazima uwe na bima ya kusafiri isiyopungua euro 30,000. Unaweza tuma ombi miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Kama usiku mwingi utalala Italia, basi ombi linaenda kwa Italia.

Wale wako na nafasi nzuri zaidi ni nyinyi mnasoma Ujerumani ama mnafanya kazi huko, na wale wako na cousin pale. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani, Italia unaingia bila visa nyingine, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Kutoka Munich hadi Bolzano ni saa nne hivi kwa treni, ikipitia Brenner. Hiyo ni wikendi moja ndefu.

Ukiwa pale, punguza gharama hivi. Merano na Bolzano kuna hosteli za vijana, usiingie hoteli yenye bwawa. Nyumba nyingi za wageni zinakupa kadi ya kupanda mabasi na treni za mkoa bure mradi umelala kwao, kwa hivyo uliza kabla ya kulipia chumba. Ila hiyo kadi ni yako, si ya baiskeli. Baiskeli inalipiwa tiketi yake, na siku za kujaa treni inaweza kukataa kuipakia. Ndiyo maana wajanja wanapanda na mikono mitupu na kukodisha wakifika juu. Baiskeli ya stima ni bei zaidi, na kisheria motor inakusaidia hadi kilomita 25 kwa saa, baada ya hapo ni miguu yako. Kwa kuteremka kutoka Mals hauihitaji. Ya kawaida yenye gia inatosha.

Mpango ambao mimi ningekupea ni wa siku tatu. Siku ya kwanza, treni hadi Mals, basi hadi Reschen, uone ule mnara, ushuke hadi Merano. Hizo ni kilomita 80 zenye kushuka mita karibu 1,200, na utafika na nguvu ya kutembea mjini. Siku ya pili fuata mto hadi Bolzano, ni saa mbili ama tatu bila haraka, na mchana uingie makumbusho ukaone Ötzi, yule mtu aliyepatikana kwa barafu 1991 akiwa amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na bado ana ngozi na chale zake. Siku ya tatu shika ile njia ya reli ya zamani hadi Kaltern, uone ziwa, uteremke Tramin uonje hiyo waini yenye jina gumu, halafu urudi kwa tuta la mto uelekee Salurn. Pale Salurn milima inakaribiana, na ukivuka tu, Kijerumani kinaisha na Kiitaliano kinaanza. Wenye miguu wanaendelea hadi Trento, huko kwenye zabibu za Teroldego, ambazo watafiti wa DNA wanasema ndizo mzazi wa Lagrein, na kwenye mikahawa ya njiani inayoitwa Bicigrill, imejengwa kwa ajili ya watu wa baiskeli tu.

Na kama miguu imekataa, Salurn kuna stesheni. Treni inarudi Bolzano.